Ardhi Kwanza, Bembea Baadaye

Katika kundi letu la watu wa Mwanza tunaoishi jimbo la Washington, huku Marekani, kuna hoja ambayo haijapoa tangu mwaka uanze: tuchange fedha, tuwajengee watoto wa mtaa mmoja huko nyumbani bustani ya kuchezea yenye bembea, mtelezo, mabenchi na uzio wa kupendeza. Wazo ni jema na michango imeshaanza kuingia. Mimi niko upande wa wachache wanaosema bembea zisubiri, na kwa kuwa maelezo marefu katika kundi lile humezwa na salamu za Ijumaa na picha za harusi, nimeona afadhali niyaandike hapa, nikieleza jinsi mji ninaoishi unavyozipata na kuzitunza bustani za mitaa yake.

Mji huo ni Seattle. Watu wengi wa nyumbani huudhani mji usiojua dhiki kwa sababu ya kampuni kubwa zilizomo, lakini hazina ya mji ni jambo jingine kabisa. Sheria ya jimbo hairuhusu mapato ya kodi ya ardhi na majengo kutoka kwenye mali zilizokwishakuwepo yaongezeke kwa zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka, isipokuwa wapiga kura waridhie, ilhali mishahara ya watunza bustani, mafuta ya mashine za kukatia nyasi na bei ya viwanja havijui asilimia hiyo. Ndiyo maana kila baada ya miaka kadhaa viongozi hulazimika kurudi kwa wananchi na kuomba kura ya fedha, yaani kura ya kuridhia kodi ya ziada au mkopo. Mwaka 1968 wapiga kura wa wilaya ya King, ambayo Seattle ni sehemu yake, waliidhinisha mkopo wa dola milioni 118 kwa ajili ya bustani na viwanja vya michezo. Mwaka 2000 Seattle ilipiga kura ya dola milioni 198.2 kwa miaka 8, na mwaka 2008 ikaidhinisha nyingine ya dola milioni 146 kwa miaka 6. Mwaka 2014 wananchi walichoka na utaratibu huo wa kubahatisha, wakaunda mamlaka maalumu ya bustani yenye uwezo wa kutoza hadi senti 75 kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali.

Fedha za kura hizo za 2000 na 2008 zilitumika kwa namna ambayo ilinishangaza nilipoielewa mara ya kwanza. Mji ulinunua viwanja katika mitaa ambayo nyumba ndogo zilikuwa zinabomolewa ili kupisha maghorofa, ukijua wazi kwamba fedha za kuvijenga hazikuwepo, na ukavikalia. Hesabu yake ni rahisi: ardhi ya katikati ya mtaa haishuki bei, na ghorofa likishasimama halibomolewi kwa ajili ya bembea. Viwanja 14 vilikaa hivyo bila kuendelezwa hadi mamlaka mpya ya bustani ilipovitengea fedha. Kimojawapo, kilichoko West Seattle Junction, kilikuwa maegesho ya magari kwa miaka kadhaa kabla ya kugeuka bustani. Majirani walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa sababu kodi waliilipa na watoto wao wakakua kiwanja kikiwa bado lami. Lakini kiwanja hakikupotea, na hilo ndilo ninalotaka ndugu zangu wa kundi walitazame kwa makini.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa wakazi wa kupanga bustani ya aina hiyo katika ukumbi wa mtaa, kusini mwa mji, ambako tunaishi wageni wengi kutoka Afrika Mashariki. Ofisa wa bustani alikuwa ametundika michoro mitatu ukutani, na kila mkazi alipewa vibandiko vya duara abandike kwenye mchoro alioupenda. Watu walibandika wakicheka. Mzee mmoja wa Kiethiopia alikataa kubandika. Alishika vibandiko vyake mkononi akauliza pipa la taka litamwagwa siku gani na nani atalimwaga. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Ofisa, nampa heshima yake, hakumzunguka mzee wa watu: alijibu kwamba fungu lililoletwa pale lilikuwa la ujenzi, na kisheria haliruhusiwi kumlipa mfagiaji hata kwa siku moja, hivyo matunzo yangetegemea bajeti ya kila mwaka. Mzee alibandika vibandiko vyake vyote kwenye mchoro uliokuwa na vitu vichache kuliko yote.

Swali la mzee ndilo kiini cha jambo zima. Kununua, kujenga na kutunza ni mafungu matatu tofauti, na hayana asili moja. Jimbo lina sheria ya mwaka 1971 inayoziruhusu wilaya kutoza kodi ndogo ya majengo kwa ajili ya kununua maeneo ya wazi kabla hayajajengwa, na ni sehemu ndogo tu ya fedha hizo inayoweza kwenda kwenye matunzo. Fedha za kura nazo huandikiwa shughuli zake. Kwa hiyo inawezekana kabisa mji ukawa na uwezo wa kununua kiwanja kipya huku ukishindwa kufungua vyoo vya bustani ya zamani, na mpita njia akadhani viongozi wamerukwa na akili. Ununuzi hulipwa mara moja, bembea hulipwa mara moja, lakini nyasi huota kila wiki.

Kuna kinga moja iliyowekwa na wananchi wenyewe ambayo naipenda kuliko mengine yote niliyoyaona huku. Mwaka 1997 halmashauri ya Seattle ilipitisha, kutokana na saini za wakazi, sheria inayosema kwamba ardhi ya bustani haiwezi kuuzwa wala kupewa matumizi mengine mpaka mji utoe ardhi nyingine yenye ukubwa na thamani sawa au zaidi, iliyo jirani, itakayowahudumia watu walewale. Neno "jirani" limezuia mengi. Bila neno hilo, kiwanja cha katikati ya mji kingefidiwa kwa pori la pembezoni, na makaratasi yangeonyesha kwamba hakuna kilichopungua.

Si kila bustani ilinunuliwa sokoni, vilevile. Mabwawa ya maji ya kunywa yaliyokuwa wazi yalifunikwa ili kulinda usalama wa maji, na juu ya baadhi ya mifuniko hiyo zikapatikana ekari za majani. Bustani ya Cal Anderson, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilipata eneo lake kwa njia hiyo. Kiwanda cha gesi kilichofungwa mwaka 1956 kando ya ziwa Union kiligeuzwa bustani iliyofunguliwa mwaka 1975, na mitambo mingi ya kutu iliachwa papo hapo ikawa ndiyo pambo lake. Tangu mwaka 1988 kuna pia mfuko unaoongezea fedha miradi ya mitaa kulingana na kile ambacho wakazi wenyewe wamechangia, na saa za kazi za kujitolea huhesabiwa kama fedha taslimu. Ni msaragambo huu, tofauti ni kwamba mtu anaandika saa alizofanya kazi na kutia saini.

Sasa nije Mwanza, maana sitaki nionekane nawahubiria watu habari za dola. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ni haki yake. Lakini mtu yeyote aliyesimama barabarani Mabatini au Igogo akatazama nyumba zilivyopanda kati ya mawe mpaka kileleni anaelewa kwamba kutwaa hata eneo la kiwanja kimoja cha mpira pale ni kuzilipa familia nyingi, na halmashauri ina madarasa, zahanati na mitaro inayoisubiri. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani tayari imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kodi ya majengo nayo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu mwaka 2023, zaidi kwa ghorofa, na kiwango hicho hakipandi hata bustani nzuri ikiongeza bei ya nyumba zinazoizunguka. Njia ya Seattle ya kuomba kura na kununua haipo kwetu, na hatuna haja ya kuililia.

Tulicho nacho ni maeneo ya wazi yaliyokwishachorwa. Katika mitaa iliyopimwa, upande wa Nyegezi, Buhongwa, Pasiansi na kwingineko, michoro ya mipango miji hutenga viwanja vya kuchezea na maeneo ya wazi, na kuyabadilisha matumizi kisheria lazima kupitie mamlaka ya upangaji. Ardhi hiyo imeshapatikana na haidaiwi senti. Tatizo ni kwamba ardhini haijulikani inaanzia wapi na kuishia wapi.

Kiwanja cha mtaa niliokulia kilipotea mbele ya macho yetu bila mtu mmoja kukiiba. Kwanza kilikuja kibanda cha chipsi pembeni, na sisi wenyewe tulikishangilia. Kisha fundi mmoja akaomba kuanikia matofali yake upande wa goli la chini, kwa muda tu. Yakaja makontena mawili. Goli likasogezwa, likasogezwa tena, mpaka tukawa tunacheza kwa upana badala ya urefu. Siku mabati yalipozungushwa, kila aliyeuliza aliambiwa kuna mtu ana karatasi, na hakuna mkazi aliyekuwa na karatasi ya kuweka mbele ya hiyo. Bikoni za mwanzo, zile alama za mpaka zinazowekwa na mpima, zilikuwa zimeng'olewa siku nyingi. Leo pale pana ghala. Kama wakati ule jamaa wa ughaibuni wangetuletea bembea, ghala lingekuwa limejengwa juu ya bembea.

Ndiyo maana pendekezo langu halina mvuto wa picha. Fungu la kwanza la michango yetu limlipe mpima mwenye leseni arudishe bikoni za eneo tunalotaka kulijengea bustani kwa kufuata mchoro, kisha kisimikwe kibao cha zege chenye namba ya kiwanja na matumizi yake, na halmashauri iombwe kukamilisha hati kwa jina lake yenyewe ili eneo lisibaki likielea. Fungu la pili liwe posho ya mtu mmoja wa mtaa atakayefagia, kumwagilia miche na kupiga simu pale lori la mchanga litakapomwaga mzigo pasipostahili. Lazima posho hiyo ijulikane itatoka wapi mwaka wa pili na wa tatu, la sivyo tusianze. Miti ipandwe mwarobaini na mwembe pembezoni, kwa sababu safu ya miti ni mpaka unaoonekana hata na asiyejua kusoma ramani. Kuhusu mtelezo, wenzangu wanisamehe: mtoto wa Mwanza anateleza kwenye jiwe tangu akiwa na miaka minne, na eneo lile lina jiwe zuri kuliko plastiki yoyote tutakayoisafirisha kwa meli.

Kuna jambo la ufukweni ambalo nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa limo katika mpango wa baadaye wa kundi. Seattle ina sehemu zaidi ya 100 ambako barabara za mitaa zinaishia majini, na mwaka 1996 halmashauri yake ilitamka kwamba ncha hizo ni njia za umma za kufikia maji. Mwenye nyumba jirani akitaka kutumia sehemu ya ncha hizo hulipia kibali, na malipo hayo husaidia kuzitengeneza ncha nyingine. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukitoka kivuko cha Kamanga kuelekea Capri Point, au ukizunguka Kirumba hadi Mwaloni, vipo vichochoro vinavyoteremka ziwani ambavyo wachuuzi, wavuvi na watoto hupita kila siku. Hakuna cha kununua pale. Kinachotakiwa ni kuviorodhesha na kuvipa majina kabla geti halijawekwa.

Juma lililopita nilizungumza kwa simu na mwenyekiti wa mtaa tunaoulenga. Nilimweleza mgawanyo wa fedha nikitarajia atavunjika moyo. "Mwanangu," akasema, "hizo bembea nitazipokea kwa mikono miwili, lakini mimi mwenyewe nikiulizwa mpaka uko wapi nitaonyesha kwa kidole." Tumekubaliana alete nakala ya mchoro wenye mhuri, muhtasari wa mkutano wa wakazi unaoonyesha kwamba wamelijadili eneo hilo, na barua ya mtendaji wa kata. Makadirio ya mpima yatafuata. Mhazini wetu ameagizwa asitoe fedha kabla ya kuyaona hayo yote, na wanaotaka kuchangia bembea wameombwa fedha zao zikae kwenye akaunti kwa sasa.