Malaika wa Caravaggio na mwanga wa karabai

Usiku wa giza, mbalamwezi haipo, wavuvi wa dagaa wanawasha karabai. Mtazame aliyeinama karibu na taa: unaona paji la uso, mkono, ukingo wa mtumbwi. Vilivyobaki ziwa limevimeza. Ndivyo Caravaggio, mchoraji wa Italia, alivyomchora Mtakatifu Mathayo na malaika wake mwaka 1602, picha iliyoko hadi leo katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma.

Malaika anashuka gizani, shuka jeupe limemviringa, anahesabu kwa vidole. Mathayo, joho la rangi ya chungwa, amegeuza shingo kalamu mkononi. Goti liko kwenye kigoda, na mguu mmoja wa kigoda umetoka nje ya ukingo. Kinakaribia kuanguka! Hofu yote imo humo, wala hakuna chozi.

Wachoraji wetu wengi wa kuta za makanisa huanza na nyeupe, wakaongeza anga la buluu, kisha mabawa meupe. Nyeupe juu ya nyeupe haiwaki. Anza na kahawia nzito iliyolegezwa kwa tapentaini, tabaka jembamba, ikauke kabisa, ndipo uchore kwa chaki. Shuka lipake kijivu: nyeupe, nyeusi kidogo, na njano ya udongo kiasi cha ncha ya brashi. Kikikaa jirani na joho la chungwa, kijivu hicho kitaonekana kina ubuluu ambao hukuutia. Nyeupe tupu ije mwisho, michirizi mitano au sita: begani, kwenye mkunjo, kwenye kidole.

Tabaka la juu liwe na mafuta ya kitani mengi kuliko la chini. Ukigeuza, la juu litakauka huku la chini bado linacheza, na nyufa zitatokea.

Rangi ya mafuta ya milango iache. Inang'aa, na jua la jioni likipiga kutoka ziwani, giza lako linageuka kioo. Tumia isiyong'aa, na mwanga wa pichani utoke upande wa dirisha la kweli. Katika kanisa hilohilo la Roma, picha nyingine ya Caravaggio, ya Mathayo akiitwa na Yesu, imefuata hivyo.

Ukimaliza, finya macho. Sehemu zinazowaka zikizidi nne, zima moja. Anzia na mabawa, hata kama anayelipa atanung'unika: ya malaika wa Caravaggio ni meusi, karibu hayaonekani.