Nyama ya kilo na marafiki: anzeni kwenye mizani

Katika baa nyingi za Kampala zinazouza nyama ya nguruwe, chakula hakiagizwi mezani. Huagizwa kwenye dirisha la bucha. Mmoja wenu aende huko kabla hata hamjakaa, maana nyama huuzwa kwa kilo ikiwa mbichi, na kuichoma vizuri huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Mkisubiri mpaka bia ya pili, njaa itawafanya mumharakishe mchomaji, na nyama ya nguruwe haiharakishwi.

Ikichomwa, hupoteza maji na mafuta, kwa hiyo kilo mnayolipia siyo kilo mtakayokula: robo nzima au zaidi huishia motoni. Watu 6 watoshelezwe na kilo 2 na nusu, pamoja na sahani 3 za muhogo na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Hakikisheni mizani inasoma sifuri kabla nyama haijawekwa, kisha mwonyeshe muuzaji kipande kwa kidole, asiwachagulie yeye. Mbavu ni tamu lakini mnalipia mifupa. Paja ni mnofu mtupu, ila hukauka upesi. Bega lina mafuta kidogo katikati ya nyama, nami sioni linaloshindana nalo kwenye mkaa. Mkiona vifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, ondokeni kabisa: hao ni mabuu ya minyoo ya tegu.

Kosa kubwa la muchomo, yaani nyama ya kuchoma, ni moto mkali. Mafuta yakidondokea mkaa, ndimi za moto huruka, nje panaungua na ndani panabaki pabichi. Ombeni makaa yaliyokwisha kushika majivu, vipande visivyozidi unene wa vidole viwili, chumvi mapema na ndimu mwishoni. Nyama ikifika, pasueni kipande kinene zaidi hadi kwenye mfupa. Kukiwa na majimaji mekundu, irudi jikoni, wala msione haya. Mwenye wasiwasi aagize ya kukaanga na vitunguu na nyanya. Vipande vidogo huiva sawasawa.

Kachumbari nayo iangalieni, kwa sababu haipiti motoni. Kisu na gogo vilivyokatia nyama mbichi visiguse nyanya na vitunguu vyenu. Waombeni watumie ubao wa pembeni; pasipokuwa na ubao huo, kuleni parachichi linalomenywa mezani.

Kama kuna rafiki Mwislamu katika kundi, msimwambie ataagiza kuku. Mara nyingi kuku huyo hulala kwenye wavu uleule na kukatwa kwa kisu kilekile. Chagueni tangu mwanzo mahali pa mbuzi au samaki, ili naye ale kwa raha.

Kuhusu bili, nyama igawanywe sawa, lakini kila mtu alipe vinywaji vyake. Asiyekunywa pombe asibebeshwe bia za Nile Special za wengine. Chupa tupu zibaki mezani hadi hesabu ifanywe, mzihesabu pamoja na mhudumu. Mmoja akilipa kwa niaba ya wote, wengine wamtumie kwa simu papo hapo, na waongeze ada ya kutolea pesa. Wenye pikipiki au gari waliokunywa waziache hapo, warudi kwa bodaboda ya dereva ambaye hajanywa.