Nilivyopima majani ya mpera dhidi ya bakteria

Kazi ya maabara ilianzia nje ya maabara. Kabla ya kuchuma chochote nilimpelekea mtaalamu wa mimea tawi lenye majani na maua, akathibitisha kuwa ni Psidium guajava, mpera wetu huu wa uani, likahifadhiwa kwa namba yake. Majani niliyaanika kivulini hadi yakawa yanavunjika yakifikichwa, ndipo nikayasaga.

Unga niliugawa. Sehemu moja niliiloweka kwenye ethanoli kwa saa 72, nikaichuja na kuikausha kwa mashine ya kuvukiza kwenye nyuzi 40, maana joto kali huharibu viambata, yaani kemikali za mmea. Nyingine niliichemsha kwa maji. Wengi huishia kwenye ethanoli kwa kuwa inatoa viambata vingi, lakini mama zetu mtoto akiharisha hawamnyweshi ethanoli. Ukitaka kusema lolote kuhusu dawa yao, pima wanachokitumia.

Bakteria walikuwa wawili: Staphylococcus aureus na Escherichia coli (E. coli). Niliwachanganya kwenye maji ya chumvi hadi weupe wa maji hayo ukalingana na kipimo cha 0.5 McFarland, takriban seli milioni 150 kwa mililita, nikawapaka kwenye aga ya Mueller-Hinton, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, na kuweka diski za milimita 6 zenye dondoo, yaani kile nilichokitoa kwenye majani. Kila sahani ilikuwa na diski ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, na nyingine ya DMSO tupu, kiyeyushi nilichotumia. Bila hiyo ya DMSO huwezi kuapa kwamba aliyeua ni jani.

Kesho yake Staphylococcus walikuwa wameacha duara la wazi kuzunguka diski za dondoo, maana yake hapo hawakuota. E. coli walikuwa wameota hadi ukingoni mwa diski. Wana utando wa nje ambao viambata vingi vya mimea haviupenyi kirahisi.

Sikutaka kuishia hapo, kwa sababu duara halipimi nguvu peke yake. Tanini za mpera ni molekuli kubwa, zinasambaa polepole kwenye aga, kwa hiyo dawa nzuri inaweza kuacha duara dogo. Nikahamia kwenye sahani ya vishimo 96, nikipunguza dondoo nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, kisha nikatia rangi ya INT, njia iliyoenezwa na J. N. Eloff wa Afrika Kusini mwaka 1998. Bakteria aliye hai huigeuza nyekundu. Hapa ndipo nilipopata jibu ninaloliamini: dhidi ya Staphylococcus hata maji yaliyochemshiwa majani yalifanya kazi, ingawa yalihitaji kuwa mazito kuliko ya ethanoli. Kwa E. coli safu karibu yote ilikuwa nyekundu.

Matokeo hayo hayasemi kwamba mpera haumsaidii anayeharisha. Kuhara kwa watoto mara nyingi ni kwa virusi, na majani haya yanaweza kutuliza mwendo wa utumbo bila kuua kitu. Nikaandika hivyo kwenye ripoti, na nikaongeza kwamba mtoto apewe ORS na zinki hata kama amekunywa mpera.