Siku 27 za maziwa: kupima malezi ya mama sili-tembo

Mama sili-tembo wa kaskazini, mamalia mkubwa wa baharini anayezalia ufukweni, hunyonyesha kwa siku 26 hadi 28 hivi, na siku zote hizo hali wala hanywi. Maziwa yote yanatoka kwenye mafuta aliyoyabeba chini ya ngozi kutoka baharini. Muda ukiisha huondoka ghafla, na malezi yanaishia hapo. Kwa hiyo anayetaka kupima malezi ya mnyama huyu aanze na mizani. Milio, kunusana na kuwauma watoto wa wenzake ni mambo yenye uzito, lakini uzito wake unatokana na kazi moja: kuhakikisha maziwa ya mama huyu yanamfikia mtoto huyu na si mwingine.

Mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hii ni Año Nuevo, pwani ya California, kusini mwa San Francisco. Katika karne ya 19 sili-tembo waliwindwa kwa ajili ya mafuta hadi wakabaki wachache sana, katika kisiwa cha Guadalupe, Mexico. Baada ya kulindwa waliongezeka wakasambaa kuelekea kaskazini. Mtoto wa kwanza katika kisiwa cha Año Nuevo alizaliwa mwaka 1961, na upande wa nchi kavu mwaka 1975. Burney Le Boeuf na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walianza kuwafuatilia mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kundi lilikuwa bado dogo na mnyama mmoja mmoja anaweza kujulikana.

Alama ndiyo kazi ya kwanza. Jike akiwa usingizini, mtafiti humwendea kwa kutambaa, upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimtangulie. Mkononi ana chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, ndani yake dawa ya kupaushia nywele, ile ya saluni yenye haidrojeni peroksaidi. Huandika namba kubwa ubavuni. Manyoya yakiwa yamelowa au yamejaa mchanga dawa huchuruzika, na kesho yake 8 na 3 hazitofautishiki. Andika ubavu wa pili pia atakapogeuka, maana sili huweza kuilalia alama yake nusu siku nzima. Alama hii hudumu hadi majira ya kujivua manyoya, ambapo sili-tembo hubambuka manyoya pamoja na tabaka la juu la ngozi.

Kwa kumbukumbu ya miaka mingi hutumika hereni za plastiki zenye namba, sawa na zile za mifugo, ila hapa hutobolewa kwenye utando wa mapezi ya nyuma. Za Año Nuevo ni za kijani; katika fukwe nyingine za California, za Point Reyes ni za waridi, za Piedras Blancas ni nyeupe. Tia mbili, moja kila pezi: ikidondoka moja mnyama bado anatambulika, na idadi ya waliobaki na moja inakuwezesha kukadiria wangapi wamepoteza zote. Acha nafasi kati ya hereni na ukingo wa pezi, kwa sababu mtoto atakua na pezi litanenepa. Mtoto huzaliwa na manyoya meusi ambayo huyaacha baada ya wiki chache, hivyo alama ya dawa kwake haina maisha. Anatambulika kupitia mama yake hadi aachishwe ziwa, ndipo atiwe hereni.

Siku ya kuzaa lazima ijulikane. Jike hufika ufukweni Desemba au Januari na huzaa ndani ya wiki hivi. Dalili ya haraka kwa mtu aliye mbali ni shakwe: wakirukia sehemu moja kwa fujo wakigombea kondo la nyuma, hapo kuna mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Elekeza darubini papo hapo. Mama hugeuka, huweka pua yake kwenye pua ya mtoto, na wote wawili huanza kuita. Dakika hizo si mapambo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya kuwachezea mama milio kwa spika, na yakaonyesha kwamba mama huitofautisha sauti ya mtoto wake siku moja au mbili tu baada ya kuzaa. Anayefanya jaribio kama hilo asitumie mlio mmoja wa mtoto mgeni kwa mama wote, maana atakuwa anapima mlio huo tu. Ukubwa wa sauti uwe sawa kwa mtoto wake na kwa mgeni, na dume asiwe karibu, kwa sababu jike huinua kichwa kwa ajili ya dume pia.

Kwa kuangalia tabia, njia ninayoiamini ni ya kumfuata mnyama mmoja kwa muda uliopangwa kabla, njia iliyowekwa wazi mwaka 1974 na Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya. Unaandika saa ya kuanza na kumaliza kunyonya, umbali kati ya mama na mtoto, na kila mara anapomuuma mtoto asiye wake. Akilala, andika amelala. Asiyejifunga kwa utaratibu huu macho yake huvutwa na vurugu, na daftari litasema kwamba ufukwe mzima ni ugomvi ilhali muda mwingi ni usingizi.

Watoto wengi hufa baada ya kutengana na mama. Dume mwenye zaidi ya tani moja na nusu akimkimbiza mwenzake hupita juu ya yeyote. Mawimbi makubwa yakigongana na bamvua huzoa watoto ambao bado hawajui kuogelea. Mwaka 1983, mwaka wa El Niño, dhoruba ziliua watoto wengi sana Año Nuevo. Aliyepotea huanza kuombaomba maziwa, na majike humuuma. Kwa hiyo ukikuta mzoga mwembamba wenye majeraha ya meno kichwani, usikimbilie kuandika kwamba majeraha ndiyo chanzo. Mara nyingi njaa ilimpeleka kwenye meno. Majike wachanga, wanaozaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka mitatu au minne, hupata hasara zaidi: ni wadogo, na wakubwa huwasukuma pembezoni mwa kundi wanakosumbuliwa na madume.

Maziwa yenyewe hubadilika. Siku za kwanza mafuta ni kama asilimia 12 hadi 15. Kuelekea mwisho hupita 50. Ya ng'ombe ni karibu 4. Kuyapata hulazimu kumlaza mama kwa dawa za usingizi, tiletamini na zolazepamu, takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha homoni ya oksitosini ili maziwa yashuke, ndipo yavutwe kwa bomba la sindano lililokatwa ncha. Uzito ukikadiriwa juu kuliko ulivyo, dawa inazidi, na sili aliyezidishiwa husitisha pumzi. Kazi hii ni ya timu yenye daktari wa mifugo na kibali cha serikali. Sheria ya Marekani ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini hairuhusu vinginevyo.

Mtoto huzaliwa na kilo 35 hadi 40 na huachwa akiwa na 130 hivi, mviringo kama pipa. Mama hupoteza takriban asilimia 40 ya uzito wake. Mtoto aliyeachishwa huingizwa kwenye mfuko wa turubai, hupandishwa kwa winchi kwenye nguzo za miguu mitatu, na mizani husomwa akitulia. Kung'uta mchanga, kisha pima mfuko mtupu baada ya kila mtoto, kwa sababu turubai iliyolowa huongezeka kilo.

Tarehe nayo ni muhimu. Akishaachwa, mtoto hufunga kwa wiki 8 hadi 10 na hupoteza karibu theluthi ya uzito, kwa kasi zaidi siku za mwanzo. Aliyepimwa siku ya kumi hawezi kulinganishwa na aliyepimwa siku ya pili mpaka uzito wake urudishwe kwa hesabu hadi siku ya kuachwa. Katika kisiwa cha Macquarie, kati ya Australia na Antaktika, kwa sili-tembo wa kusini, imeonekana kwamba walioachwa wakiwa wazito huishi zaidi, hivyo kosa la kilo chache hapa huharibu jibu la swali kubwa.

Na wapo wanaopita kilo 200. Hao kwa kawaida wamenyonya kwa mama wawili, au wameiba kwa jike aliyefiwa au aliyelala. Kabla ya kuuandika uzito huo kwenye hesabu ya mama mmoja, fungua daftari la kila siku uone ni nani alikuwa akimnyonyesha.