Kumbukumbu ya GP ya zamani: springi ya magazini, kisha mkono wangu

Jumamosi iliyopita tuliifyatua kwa mara ya tatu GP ya zamani, bastola ambayo Papa, mzee jirani yetu hapa Lubumbashi na mwenye kibali cha kuimiliki, aliipata baada ya polisi wa Ubelgiji kuacha kuitumia. Lengo nililojiwekea mwezi wa sita halijabadilika: kupiga risasi 10 kutoka mita 15 zote ziingie ndani ya duara la sentimita 10, bila bastola kukwama hata mara moja. Nusu ya pili ya lengo hilo sasa naiona karibu. Nusu ya kwanza inanidai zaidi.

Tunapigia shambani, nje ya mji, mbele ya kichuguu kirefu kuliko nyumba. Kwa kuwa udongo wa kichuguu huwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi na risasi ingeweza kudunda, tumerundika mbele yake udongo mwekundu uliolegea, na shabaha inasimama mbele ya rundo hilo.

Kwa asiyeifahamu, GP ni kifupi cha Grande Puissance, bastola ya milimita 9 kutoka kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège. John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive ndiye aliyeifikisha kwenye umbo lililotoka mwaka 1935. Magazini yake, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, hubeba risasi 13, idadi iliyokuwa kubwa mno kwa bastola za wakati huo. Hii ya Papa imechakaa rangi kwenye kingo zote, lakini ndani ya mtutu ile mistari inayoizungusha risasi bado ni mikali, na hilo ndilo lililonipa moyo wa kuanza.

Siku ya kwanza ilikwama mara 6 katika risasi 24, nami nikazilaumu risasi. Siku ya pili nilizitia magazini zote mbili alama ya rangi nyeupe, nukta moja na nukta mbili, nikapiga risasi 20 kwa kila moja, nikijaza 10 kila mara. Yenye nukta moja haikukwama kabisa. Yenye nukta mbili ilikwama mara 5, na kila mara ilikuwa kwenye risasi tatu au nne za mwisho: pua ya risasi ilikuwa imeinama na kugota chini ya mdomo wa mtutu, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele, imesimama nusu ya safari. Risasi zikibaki chache springi huwa imekunjuka zaidi na nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo springi iliyochoka hushindwa kuinua risasi kwa wakati. Nilipozitoa springi zote mbili na kuzilaza mezani, moja ilikuwa fupi kwa upana wa kidole.

Hata hivyo ufupi peke yake haukuniridhisha, kwa sababu midomo ya magazini iliyopinda, yaani kingo zake za juu zinazoshika risasi, nayo huleta kasoro kama hiyo. Jumamosi nilibadilishana springi, nikapiga risasi 10 kwa kila magazini. Safari hii yenye nukta moja ilikwama mara mbili na yenye nukta mbili ikapita salama. Kasoro ilihama pamoja na springi; magazini yenyewe haina kosa.

Kifyatulio ni habari nyingine. GP ina kipini kinachozuia kufyatua iwapo magazini haimo, na magazini ikiwemo, kipini hicho husugua uso wake wa mbele, ndiyo maana mvuto ni mzito na una mkwaruzo. Ndiyo maana pia magazini haidondoki ukibonyeza kitufe. Huna budi kuivuta kwa vidole. Niliusugua uso huo kwa kitambaa chenye mafuta, mkwaruzo ukapungua kidogo. Nyundo nayo hurudi nyuma na kubana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Tangu siku ya kwanza navaa plasta hapo, na Papa hucheka kila akiiona.

Ni yeye aliyegundua kwa nini risasi zangu zilikuwa zikishuka chini kushoto. Alichukua magazini yenye springi nzima, akanigeuzia mgongo, akajaza risasi 10 za kweli na 3 bandia bila kuniambia zilikokaa. Ya nne ilikuwa bandia: kilisikika kishindo kidogo tu cha nyundo, na mdomo wa bastola ukazama mbele ya macho yangu kana kwamba nimeusukuma. Niliona aibu.

«Mwanangu, unauogopa mlio kabla haujatoka,» alisema.

Ya bandia ya pili ilizama vilevile. Ya tatu ilitikisika tu. Nilimalizia na risasi 9 za polepole, nikivuta kifyatulio hadi mlio unishtue wenyewe. Rula ilionyesha sentimita 14 kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, yote bado kushoto lakini si chini tena. Springi mpya mbili zimeagizwa. Katika boksi la risasi 50 zilibaki 11, Papa akazihesabu mara mbili, akaziandika kwenye daftari lake na kuzifungia.