Blanketi la Barafu

Juzi tumepita mwaloni na mtoto wa mdogo wangu, akaona mabonge ya barafu yamefunikwa magunia. "Shangazi, mbona wameyavalisha? Si yatasikia joto?" Nikasimama palepale katikati ya wapakiaji wa sangara, kwa sababu swali hilo nimewahi kulisikia, tena kwa sauti za darasa zima.

Ilikuwa enzi nikifundisha chekechea, kule Kirumba, Mwanza, lile darasa la bati. Somo lilikuwa barafu kuyeyuka na maji kuganda. Nikanunua mabonge mawili yaliyolingana, kila moja ukubwa wa ngumi. Moja nikaliweka wazi kwenye beseni, la pili nikalizungushia blanketi kuukuu na kulitia kwenye beseni lake, yote mawili juani. Nikauliza: lipi litaisha kwanza?

"La kwenye blanketi!"

Nikawauliza kwa nini, na sababu yao ilikuwa nzito: ukijifunika blanketi unapata joto, na joto ndilo linaloyeyusha. Mtoto wa miaka mitano aliyefikiri hivyo amefikiri vizuri sana. Mmoja tu ndiye aliyetikisa kichwa, ambaye baba yake alikuwa akipakia samaki. "Baba anaifunika na pumba," akasema. "Asipofunika, samaki wanaoza." Wenzake wakamzomea.

Wakanywa uji, wakaimba, tukarudi barazani.

Kwenye beseni la wazi kilibaki kipande chembamba kinachoelea, kikizunguka kila mkono ulipogusa maji. Ubavu wa beseni kwa nje ulikuwa na matone. "Linavuja!" Nikaufuta kwa kitambaa, matone yakarudi mbele ya macho yao. Nikawaambia maji hayo yametoka hewani, hewa imegusa ubaridi wa beseni. Nadhani wawili watatu waliniamini.

Kisha nikafunua blanketi. Ndani limelowa, nje kavu kabisa, na bonge bado limejaa kiganja. Mtoto wa mpakiaji hakusema neno, alikunja tu mikono kifuani. Binti mmoja akalivuta blanketi, akalibana shavuni.

"Mwalimu, kumbe hili blanketi ni la baridi?"

Nikachuchumaa. Nikamwambia blanketi halina joto lake wala baridi yake. Usiku joto ni la mwili wako, nalo blanketi linalizuia lisitoke. Hapa joto liko nje, linataka kuingia kwenye barafu, blanketi linalichelewesha. Akawaza, shavu bado liko pale.

"Basi blanketi ni mlango."

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Siku hiyohiyo tukamimina yale maji kwenye kopo la plastiki, tukachora mstari usawa wake, tukaomba nafasi kwenye friza ya mama wa duka la jirani. Kesho yake barafu ilikuwa imepita mstari. Ilipoyeyuka, maji yakarudi mstarini. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, ndiyo maana soda ya chupa ikisahaulika kwenye friza hupasua chupa, na ndiyo maana barafu huwa nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule, kile kipande kikawa kinaelea.

Mwalimu yeyote wa nchi hii anapaswa kumkumbuka Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa yakiwa moto yalitangulia kuganda kuliko yaliyopozwa. Aliuliza, akachekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia, wakalichapisha jambo hilo, na wanasayansi wanabishana hadi leo. Ndiyo sababu sipendi mtoto azomewe, hata na wenzake.

Lakini ule mlango haujaniacha. Saa sita siku ile ya kwanza, kabla ya kengele, bonge la kwenye blanketi nalo lilikuwa limeisha. Binti akafunua, akakuta maji matupu.

"Mwalimu, nani kaufungua?"

Nikamwambia hakuna aliyefungua, joto lilikuwa likipenya kidogo kidogo tangu asubuhi. Akanitazama kwa mashaka, akatazama nyuzi za blanketi, akaanza kupitisha kidole kutafuta pale lilipopenya. Kengele ikalia, dada yake akamfuata. Kesho yake hakuliulizia tena, nami sijui kama alikuwa ameelewa au alikuwa amekata tamaa na jibu langu.