Safari ya Kumfuata Seremala Mwenzangu

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kuijengea saa nyumba. Babu yangu, kule Tanga, alikuwa na saa ya ukutani ya kutia ufunguo, na mchwa walikuwa wamelila kasha lake mpaka ukiligusa linamwaga unga. "Mashine haina neno," akaniambia, "nyumba yake ndiyo imekufa." Nilikuwa na miaka 16. Nikaichongea nyingine ya mvule, na babu akanilipa kwa noti alizozitoa chini ya mto. Kila jioni adhana ya magharibi ikilia alipanda kigoda akazisogeza akrabu mpaka kumi na mbili kamili. Wageni wakija waliisifu saa, wakasogea karibu kusoma jina la Mzungu lililoandikwa usoni. Kasha alilitengeneza nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Hicho ni kinyongo cha kitoto, najua, lakini nilikibeba miaka 30 na nikapanda nacho ndege mwezi Machi, nilipokwenda Uingereza kumwona mdogo wangu ambaye ni muuguzi Leeds. Nilimwambia mapema kwamba kabla ya kufika kwake nitapitia London kuangalia saa ndefu za kasha, zile zinazosimama sakafuni kama mtu aliyevaa kanzu, halafu nitashuka Wakefield kuna saa moja ya mbao. Akacheka. "Kaka, watu wakija huku huomba kupelekwa madukani."

London nilifikia kwa binamu yangu, na asubuhi ya pili nilikuwa South Kensington mlango wa Science Museum haujafunguliwa. Ghorofa ya pili kuna mkusanyiko wa chama cha mafundi saa wa London, chama kilichopewa hati na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1631. Kuingia ni bure. Nilitarajia chumba cha vumbi. Nikakuta taa hafifu, vioo safi, na milio ya tiki-taka isiyokubaliana, kama watu wengi wanaovuta tasbihi kila mmoja kwa mwendo wake.

Siku zote nilidhani urefu wa saa hizi ni majivuno ya matajiri. Kumbe kasha lina sababu. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya penduli, ule ufito wenye tufe unaoning'inia na kuyumba, na mwaka 1658 Ahasuerus Fromanteel alikuwa akizitangaza London. Penduli za mwanzo zilikuwa fupi na zilirusha mguu huku na huku kwa upana mkubwa. Ukizifungia ndani ya kasha jembamba zingegonga kuta. Karibu na mwaka 1670 ukaja mtambo mpya wa kuachia meno ya gurudumu, wenye umbo la nanga, na penduli ikatulia. Sasa iliweza kuwa ndefu, kama sentimita 99, ikipiga sekunde moja kila upande na kusogea kidogo tu. Ongeza mawe ya risasi yanayoshuka polepole kwa siku 8 kabla ya kutiwa ufunguo tena. Yanahitaji pa kushukia, na penduli inahitaji kukingwa na upepo wa mlangoni. Hapo ndipo anapoitwa seremala.

Na maseremala wale walijua kazi, nisiseme uongo. Saa zao zina kofia juu, kiwiliwili chembamba katikati, na kitako chini. Ndani ni mbao za mwaloni, juu yake wamebandika ngozi nyembamba ya mjozi, au ya mti mweusi kama mpingo kwa zile za zamani kabisa. Nyingine zimetiwa njumu ya maua na ndege, kipande cha mti ndani ya mti, kwa mkono ambao haukutetemeka. Kuna mtindo wa kukata matawi kwa mshazari, vipande vikapangwa ubavu kwa ubavu mpaka mlango unaonekana umebandikwa makombe ya chaza. Nilisimama mbele ya mlango kama huo mpaka mlinzi akaja kuniangalia mara mbili. Katikati ya baadhi ya milango kuna tundu la kioo, jicho la mviringo, unaona tufe la penduli likipita, likipotea, likipita.

Kwenye kila uso, jina. La fundi saa. Thomas Tompion, huyo walimzika katika kanisa la Westminster Abbey mwaka 1713, na George Graham aliyefuata baadaye akawekwa kaburi hilo hilo. Mafundi saa wa London walikuwa wakiagiza makasha kwa waliochonga makasha, wakayavisha mashine zao, basi. Nilizunguka vioo vyote nikitafuta jina moja la aliyechonga. Sikuliona.

Kisha nikafika kwenye mashine ya mwaka 1713, na nikasahau malalamiko. Magurudumu yake ni ya mbao. Aliyeitengeneza, John Harrison, alikuwa seremala na mwana wa seremala, hakuwahi kuwa mwanafunzi wa fundi saa yeyote. Kwa hiyo alitumia alichokijua. Kuchonga meno kwenye duara la mbao ni balaa, kila mtu wa randa anajua: pande mbili nyuzi zitakuwa sawa, pande mbili nyingine zitakatiza jino na jino litavunjika kama biskuti. Harrison aliyachonga meno kwa vipande vipande vya mwaloni, kila kipande nyuzi zake zikielekea nje kutoka kitovuni kama miale ya jua, kisha akavipachika kwenye mfereji aliouchimba ukingoni mwa gurudumu. Niliuweka uso wangu kwenye kioo mpaka kikapata ukungu. Alikuwa na miaka kama 20.

Ng'ambo ya barabara kuna jumba la makumbusho la Victoria and Albert, nikaingia kwa sababu ya mvua zaidi ya mpango. Ndani limo kabati la ukutani la mwaka 1743 lililotengenezwa kwa ajili ya Horace Walpole, mwandishi wa Kiingereza, kuhifadhia mkusanyiko wake wa vijipicha vidogo vya kuchorwa. Lina sanamu za pembe za ndovu, na mbao iliyolivika ni ya paduki, mti wa Asia ambao ni ndugu wa mninga wetu. Ndugu hasa, ukoo mmoja. Ukiukata mninga ukiwa mbichi unavuja utomvu mwekundu kama kidonda, na mimi nimefanya kazi na mninga maisha yangu yote. Kumkuta ndugu yake amevaa pembe ndani ya kioo cha London kulinipa hisia ya kukutana na mtu wa kwetu kwenye harusi ya wakubwa. Kabati linaitwa la Walpole. Mwenye vijipicha.

Treni ya kesho yake kutoka King's Cross ilipaswa kunifikisha Wakefield kwa muda wa saa mbili. Ikasimama katikati ya mashamba. Tukaambiwa kuna hitilafu ya taa za njiani, kisha tukaambiwa tuwe na subira, kisha hatukuambiwa kitu. Mzee mmoja mkabala nami alitoa saa ya mfukoni, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena. Jirani yangu akala mkate wake wote na nusu ya wangu, kwa ridhaa yangu. Nilifika stesheni ya Westgate, Wakefield, nikakuta basi limeshaondoka, nikangoja jingine kwenye kibanda kisicho na ukuta wa upande wa upepo. Kanzu niliyovaa chini ya koti ilikuwa imelowa mpaka magotini.

Nostell, jumba la kitajiri la zamani lenye ile saa ya mbao, iko maili kama 5 kusini mashariki ya Wakefield. Karibu nayo kabisa, kando ya barabara hiyo hiyo, kuna kitongoji cha Foulby, na hapo ndipo Harrison alipozaliwa mwaka 1693, kabla wazazi wake hawajahamia Barrow upon Humber. Mimi nilidhani saa yake imewekwa Nostell kwa heshima ya mtoto wa nyumbani, ndani ya ukumbi mkuu. Nilipomuuliza mama mmoja wa kujitolea pale mlangoni, mwenye sweta la buluu na sauti ya mwalimu wa shule, alinielekeza chumba cha meza ya biliadi.

Iko pale kweli. Usoni imeandikwa John Harrison Barrow, na mwaka wake ni 1717. Nilikuwa nimekuja kutoka Tanga kuona jambo moja: seremala aliyetengeneza vyote viwili, mashine na nyumba yake. Nikaanza kuangalia kasha kama ninavyoangalia kazi ya mtu, kutoka chini kwenda juu, nikaona halipatani. Yule mama akanisogelea. "Kasha si lake," akasema. "Hili la nje ni la wakati wa Malkia Victoria."

Nilicheka kwa nguvu hadi akashtuka. Ikabidi nimweleze habari ya babu, ya mchwa na ya mvule, kwa Kiingereza changu cha kuazima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi njoo huku ubavuni." Aliyejenga kasha hilo la nje alikata vidirisha vidogo vya kioo, kimoja kila upande, ili watu wachungulie magurudumu ya mbao. Nikachungulia. Mwaloni umeiva rangi ya kahawa ya tangawizi, na meno yamesimama kwenye mfereji wake miaka zaidi ya 300. Halafu nikakitazama kidirisha chenyewe. Mtu aliyepewa kazi ya kumvika Harrison, badala ya kumficha, alimwekea dirisha. Hajulikani kwa jina. Nilijikuta namheshimu kuliko nilivyopanga.

Mengine ya Harrison wengi wameyasikia: zawadi ya pauni 20,000 iliyotangazwa na Bunge mwaka 1714 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini, yaani chombo kiko mbali kiasi gani mashariki au magharibi, na saa yake ya nne, ya mwaka 1759, ndogo kama kisosi, iliyoweza kazi hiyo. Mimi napenda zaidi ile aliyoitengeneza yapata 1722 kwa ajili ya zizi la farasi la Brocklesby Park, ambayo haihitaji mafuta, maana alitumia mti mgumu wa Karibi unaojipaka mafuta wenyewe. Hilo ni wazo la mtu wa mbao.

Nostell imejaa pia kazi za Thomas Chippendale, fundi wa samani, mtu wa Otley, jimbo hilo hilo la Yorkshire, naye mwana wa seremala. Huyu jina lake halikupotea, kwa sababu alichapisha michoro na kwa sababu ankara zake zilitunzwa. Meza kubwa ya mahogani ya maktaba, yenye vichwa vya simba, alimwandikia mwenye jumba, Sir Rowland Winn, pauni 72 na shilingi 10 mwaka 1767. Winn alikuwa mzito wa kulipa na mwepesi wa kulalamika, na Chippendale akawa anaandika barua za kuomba chake. Nilitamani nizipige picha barua hizo nimtumie mteja wangu mmoja wa Dar es Salaam bila maneno.

Jumamosi mdogo wangu hakuwa na zamu, tukaenda mji mdogo nje ya Leeds kula samaki. Mtaani kuna duka la vitu vya kale, na ndani saa nne za kasha zimejipanga kama foleni ya hospitali. Mwenye duka alikuwa mkarimu, hakuwa na wateja wengine. Akaniambia bei zimeshuka sana, vijana hawana pa kuziweka, dari zao fupi. Akanionyesha moja yenye uso mweupe wa kupakwa rangi, aina zilizoanza kutoka Birmingham mwaka 1772, na hapo juu kwenye upinde mwezi unazunguka. Zamani hapakuwa na taa njiani, mtu alitaka kujua kama usiku wa Alhamisi utakuwa na mbalamwezi kabla ya kukubali mwaliko. Za Bristol, akasema, nyingine huonyesha na maji kujaa. Babu angeiuza nyumba aipate moja.

"Na hii?" nikamuuliza, nikionyesha ile ya mwisho, ya mwaloni mtupu, haina njumu wala nakshi.

"Hiyo ya shamba. Ya kuinuliwa mawe kila siku. Kasha la seremala wa kijijini."

Nikaomba ruhusa nikaufungua mlango, nikawasha tochi ya simu nikaingiza kichwa. Mafundi waliowahi kuitengeneza mashine wameandika kwa penseli nyuma ya mlango, tarehe juu ya tarehe, herufi za majina yao. Jina la seremala halipo, na sasa sikulitegemea. Nikapeleka mwanga kwenye ubao wa mgongo. Upande wa ndani hakuupiga msasa, nani angeuona? Randa imeacha mabonde yake, na ndani ya kila bonde kuna mstari mwembamba ulioinuka, mahali pale pale, kutoka juu hadi chini. Kisu cha randa yake kilikuwa na pengo, na siku ile hakukinoa.

Nilipitisha ukucha juu ya ule mstari. Mdogo wangu akagonga kasha kwa kidole. "Kaka, basi linakuja," akasema. "Toka humo."